Nafasi ya Jicho Kwanza: Ulinganisho wa Darubini za Bunduki Zenye Teke Kubwa

Mwindaji anayepanda kutoka kaliba (aina ya risasi) ya .30-06 kwenda ile nzito zaidi ya .375 H&H mara nyingi huivua darubini yake ya zamani na kuifunga juu ya bunduki mpya, kwa hoja kwamba kioo ni kile kile na macho ni yale yale. Siku ya kwanza ya kupiga shabaha hurudi na mkato wenye umbo la mwezi mwandamo juu ya nyusi, na kuanzia hapo kila anapogusa kifyatulio huanza kufumba macho kabla ya mlio. Mkato hupona kwa wiki mbili. Ile hofu ya kufumba macho inaweza kukaa kwa miaka, na ndiyo inayoharibu ulengaji kuliko kasoro yoyote ya lenzi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwa bunduki nzito sifa ya kwanza ya kutazama, kabla ya mwangaza, kabla ya ukuzaji na kabla ya jina la mtengenezaji, ni nafasi ya jicho.

Nafasi ya jicho ni umbali kati ya lenzi ya nyuma ya darubini na jicho la mpigaji, pale ambapo picha huonekana yote kama duara kamili, bila kivuli cheusi kutambaa pembeni. Jicho likisogea mbele au nyuma ya hapo, duara hupungua. Darubini nyingi za kuwindia hutoa umbali wa kati ya mm 75 na mm 100. Tofauti ya namba hizo mbili haizidi upana wa vidole viwili, lakini katika bunduki nzito vidole hivyo viwili ndivyo vinavyotenganisha siku njema na mshono wa hospitali.

Ili kuona kwa nini, tuitazame bunduki yenyewe. Bunduki ya .30-06 yenye uzito wa kilo 3.9, ikipiga kichwa cha risasi cha gramu 11.7, hurudi nyuma kwa kasi ya karibu mita 3.7 kwa sekunde, na nguvu ya teke lake ni takriban jouli 27. Bunduki ya .375 H&H, kaliba iliyotolewa mwaka 1912, ikiwa na kilo 4.3 na kichwa cha gramu 19.4, hurudi kwa takriban mita 4.9 kwa sekunde na jouli zipatazo 50. Ya .458 Winchester Magnum, iliyoingia sokoni mwaka 1956, ikiwa na kilo 4.5 na kichwa cha gramu 32.4, hufikia takriban jouli 75, na ile ya .416 Rigby ya mwaka 1911 hukaribia jouli 80 katika bunduki ya uzito huo huo. Hesabu hizi ni za bunduki iliyo huru, isiyozuiwa na bega, lakini uwiano wake ni wa kweli: teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, na linakuja kwa kasi zaidi.

Kasi hiyo ndiyo inayohusu jicho. Kitu kinachokwenda mita 4.9 kwa sekunde hupita mm 90 kwa sehemu 18 hivi za elfu za sekunde. Kope la binadamu halijaanza hata kufumba katika muda huo. Hakuna mpigaji mwepesi wa kutosha kuondoa kichwa mbele ya darubini inayorudi, wala hakuna ujasiri unaosaidia. Kinachosaidia ni umbali uliowekwa tangu mwanzo, na bega lililo tayari kuisindikiza bunduki nyuma badala ya kushindana nayo.

Namba iliyo kwenye boksi na namba iliyo mbele ya jicho

Watengenezaji huandika nafasi ya jicho kwa njia mbili. Wengine huandika namba moja, kwa mfano mm 90 au mm 95, na darubini yao huishikilia namba hiyo, au karibu nayo, kutoka ukuzaji wa chini hadi wa juu. Wengine huandika namba mbili, kwa mfano kutoka inchi 4.4 hadi inchi 3.6, yaani kutoka mm 112 hadi mm 91. Hapo namba kubwa ni ya ukuzaji wa chini na ndogo ni ya ukuzaji wa juu. Msomaji akipita haraka, jicho lake hushika ile kubwa, naye huondoka akiamini amepata darubini yenye mm 112. Namba ya kulinganishia ni ile ndogo daima, kwa sababu siku atakapoongeza ukuzaji ili kupiga mbali, kichwa chake kitasogea mbele chenyewe kuitafuta picha, na hapo ndipo bunduki itakapomkuta.

Kuna makato mengine mawili ambayo boksi halisemi. La kwanza ni ukingo wa chuma. Umbali hupimwa kutoka uso wa lenzi, ilhali lenzi yenyewe imezama ndani ya nyumba yake kwa milimita kadhaa, na kinachogonga paji la uso ni ukingo wala si lenzi. La pili ni miwani. Kioo cha miwani hukaa mm 12 hadi 15 mbele ya jicho, hivyo mwindaji anayevaa miwani na kununua darubini ya mm 90 amebakiwa na mm 75 au 78 kati ya lenzi ya darubini na kioo cha miwani yake, na bado ukingo haujatolewa. Kwa mtu huyo darubini ya mm 80 juu ya .375 haifai hata kidogo, hata ikiwa na kioo kizuri namna gani.

Mimi huipima kila darubini kabla ya kuifunga, na kipimo chake ni chepesi. Elekeza lenzi ya mbele dirishani mchana, weka ukuzaji wa juu kabisa, kisha shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi ya nyuma. Duara dogo la mwanga litatokea juu ya karatasi. Karatasi ikisogezwa karibu, duara hupanuka na kufifia kingo; ikisogezwa mbali, hupanuka tena. Katikati yake kuna mahali ambapo duara ni dogo kuliko kwingine na kingo zake zimekatika vizuri kama sarafu. Hapo ndipo jicho linapotakiwa kuwa. Weka rula, pima mara moja hadi kwenye lenzi na mara ya pili hadi kwenye ukingo wa chuma. Niliwahi kupima hivyo darubini iliyoandikwa milimita 100 kwa herufi kubwa. Kwenye ukuzaji wa juu rula ilisoma mm 84 hadi kwenye lenzi na mm 79 hadi kwenye ukingo. Ilikuwa darubini safi ya kuwindia swala kwa bunduki nyepesi, na huko ndiko ilikokwenda.

Kwa nini umbali mrefu hauji bure

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi darubini zote zisitengenezwe na mm 130, mambo yakaisha. Jibu liko kwenye upana wa uwanja wa kuona. Kulitazama tundu la lenzi ya nyuma ni kama kutazama nje kupitia dirisha: ukisimama karibu nalo unauona ua wote, ukirudi hatua nne unaona kipande cha ukuta. Kuna hesabu ya makadirio inayotosha kwa mnunuzi. Gawa kipenyo cha lenzi ya nyuma kwa nafasi ya jicho, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa ukuzaji. Utapata takriban mita ngapi za upana unaziona kwa umbali wa mita 100. Lenzi ya mm 38 yenye nafasi ya mm 95 hutoa karibu mita 40 kwenye ukuzaji wa 1. Lenzi hiyo hiyo ikipewa nafasi ya mm 125 hutoa mita 30 tu.

Hesabu hii inafunua jambo ambalo ndilo kiini cha uchaguzi wote. Vitu vinavyovutana ni vitatu: nafasi ya jicho, uwanja wa kuona na ukuzaji, na ukubwa wa lenzi ya nyuma hauwezi kuongezwa bila kikomo kwa kuwa kishikio cha bolti, kinachovutwa ili kuingiza risasi, kinahitaji nafasi ya kupita chini yake. Anayetaka nafasi ndefu na uwanja mpana pamoja analipa kwa ukuzaji. Kwa bahati njema, bunduki nzito hazihitaji ukuzaji mwingi. Nyati hupigwa mara nyingi ndani ya mita 100, na hata mnyama pofu (mbunju) anayepigwa kwa .375 kwenye mita 200 anaonekana vizuri kwa ukuzaji wa 4. Kinacholipwa, basi, ni kitu ambacho mwindaji wa bunduki hizi hakihitaji sana.

Aina zenyewe, moja kando ya nyingine

Nianze na ile ambayo wengi tayari wanayo, yaani darubini ya 3-9x40 au 3.5-10x40 (namba za kwanza ni ukuzaji wa chini na wa juu, ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita). Leupold VX-Freedom 3-9x40 ni mfano mzuri kwa sababu inafanya vyema kuliko nyingi za daraja lake: nafasi yake ya jicho ni takriban mm 107 kwenye ukuzaji wa 3 na mm 94 kwenye 9, na uwanja wake kwa mita 100 ni kama mita 11 kwenye ukuzaji wa chini na mita 4.5 kwenye wa juu. Ndugu yake VX-3HD 3.5-10x40 huanzia mm 112 na kushuka hadi mm 91. Namba hizo zinatosha kwa .30-06, kwa .300 Winchester Magnum, na hata kwa .338 Winchester Magnum ikiwa mpigaji ana mkao mzuri. Kwa .375 zinakubalika kwa shingo upande. Kikwazo chake huko si nafasi ya jicho bali upana: mita 11 kwa mita 100 ni kama mita mbili tu kwa mita 20, na mnyama mkubwa aliye karibu, tena anayesogea, hujaza picha yote kwa ngozi ya kijivu isiyo na bega wala shingo ya kulengea. Mwindaji wa tambarare anayepiga kwa mbali aichukue bila wasiwasi; wa vichakani atafute nyingine.

Aina ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi zaidi, nayo ni darubini ya ukuzaji mdogo unaoanzia 1, yenye mrija ulionyooka na lenzi ya mbele ya mm 24: 1-4x24, 1-5x24, 1-6x24 au 1-8x24. Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na faida kubwa, kwa kuwa darubini zinazofanana kwa sura zinatofautiana sana kwa kile kinachotuhusu. Swarovski Z8i 1-8x24 ya Austria ina nafasi ya jicho ya mm 95, na uwanja wake kwenye ukuzaji wa 1 ni mita 42.5, jambo lisilowezekana bila lenzi pana ya nyuma. Ukiirudisha kwenye ile hesabu ya awali utaona lenzi hiyo inakaribia mm 40. Z6i 1-6x24 ya nyumba hiyo hiyo ina mm 95 pia. Leupold VX-5HD 1-5x24 iko karibu na mm 95 kutoka mwanzo hadi mwisho wa ukuzaji wake. Schmidt & Bender wa Ujerumani wameshikilia mm 90 katika darubini zao za kuwindia kwa miaka mingi, na Zeiss Conquest V4 nayo ina mm 90. Kisha inakuja Trijicon AccuPoint 1-4x24, yenye kioo kizuri na alama ya kulengea inayong'aa bila betri, lakini nafasi yake ya jicho ni inchi 3.2, yaani mm 81.

Mtu akiziweka zote mezani na kutazama dirishani, hataona tofauti ya mm 81 na mm 95. Ataiona siku atakapolala kifudifudi na .416. Sisemi kwamba AccuPoint ni darubini mbaya. Imetengenezwa kwa kazi pana na kwenye bunduki ya kawaida ni mshirika mwaminifu wakati wa magharibi. Ninachosema ni kwamba anayeifunga juu ya kaliba nzito amejinyima mm 14 ambazo wengine wanazitoa, na kama anavaa miwani amejinyima kila kitu. Kati ya mm 90 za Wajerumani na mm 95 za Waaustria tofauti ni ndogo kiasi kwamba ningeiachia mambo mengine yaamue: uzito, mwangaza, na urahisi wa kupata pete za kuifungia darubini zinazofaa bunduki husika.

Kuhusu uzito, lisipuuzwe. Z8i 1-8x24 ina gramu 515. Bunduki inaporuka nyuma, darubini hutaka kubaki ilipo, na kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyozivuta pete na skrubu kwa nguvu zaidi. Kwenye .375 pete nzuri zinaimudu bila shida. Kwenye .458 na kuendelea, kila gramu 100 zinazopungua juu ya bunduki ni faida ya wazi kwa skrubu. Wala ukuzaji wa 8 hauna kazi nyingi huko juu: lenzi ya mm 24 kwenye ukuzaji wa 8 hutoa duara la mwanga la mm 3 tu, na duara dogo namna hiyo hulazimisha jicho kukaa mahali pamoja kabisa. Kwenye ukuzaji wa 4 duara hilo hilo ni mm 6, na kichwa kina uhuru wa kuja vibaya kidogo bila kupoteza picha. Uhuru huo ni sehemu ya usalama, kwa sababu anayeiona picha mara moja hana haja ya kusukuma uso mbele kuitafuta. Kwa hiyo mwenye .416 au .458 ambaye anasita kati ya 1-4 na 1-8 achukue 1-4 na asijutie.

Aina ya tatu imeanza kusahaulika, nami nasikitika, kwa kuwa kwa bunduki nzito kabisa sijui iliyo na akili kuliko hiyo: darubini yenye ukuzaji mmoja usiobadilika wa 2.5. Leupold FX-II 2.5x20 ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Nafasi yake ya jicho ni inchi 4.9, karibu mm 125. Uzito wake ni gramu 184 hivi. Uwanja wake kwa mita 100 ni kama mita 13. Ndani yake hakuna lenzi zinazosogea kwa ajili ya kubadili ukuzaji, hivyo vitu vya kulegea chini ya teke ni vichache. Duara lake la mwanga ni mm 8, kubwa kuliko mboni ya jicho inavyoweza kufunguka hata gizani, na kwa hiyo picha hujaa mara tu shavu linapogusa kitako. Upungufu wake ni wa wazi: haishuki hadi 1 kwa mnyama aliye hatua kumi, na haipandi kwa mnyama aliye mita 250. Lakini kwa mtu anayejua kwamba bunduki yake ya .458 haitapiga mbali ya mita 120, upungufu wa pili haumgusi kabisa. Nyingi za darubini hizi sasa hupatikana kwa waliozitumia kabla, na kabla ya kununua pima kwa karatasi na rula kama nilivyoeleza, kisha zungusha vifundo vya kurekebishia uone kama vinaitika.

Kuna darubini za skauti, zinazofungwa mbele ya chemba, juu ya mtutu. Wazo hilo lilienezwa na Jeff Cooper wa Marekani katika miaka ya 1980, na lengo lake lilikuwa bunduki nyepesi ya kazi zote, si bunduki ya tembo. Leupold FX-II 2.5x28 Scout ina nafasi ya jicho ya zaidi ya inchi 9, takriban mm 235. Kwa usalama wa paji la uso hakuna cha kujadili, haiwezi kulifikia. Bei inayolipwa ni uwanja wa kuona wa kama mita 7 kwa mita 100, karibu nusu ya ule wa 2.5x20. Mpigaji hutakiwa kufungua macho yote mawili ili jicho la pili lifidie kile ambacho darubini haioni, ustadi unaojengwa kwa mazoezi ya miezi. Jua likiwa mgongoni, mwanga huingia kwenye lenzi ya nyuma na kuifanya picha iwe na ukungu. Tena si kila bunduki nzito ina reli juu ya mtutu, na kuichimba matundu ni kazi ya fundi anayeaminika. Ningeifikiria kwa mtu mwenye shingo fupi au mkao ambao hakuna darubini ya kawaida inayoweza kumhakikishia umbali, na kwa mwingine yeyote ningemrudisha kwenye aina ya pili au ya tatu.

Mwisho ni kilengeo cha nukta nyekundu, kama vile Aimpoint ya Uswidi. Hakina ukuzaji, na jicho linaweza kukaa popote nyuma yake. Swali la nafasi ya jicho linakuwa halipo. Ni chepesi, kinavumilia teke, na ndani ya mita 50 hakuna darubini inayokishinda kwa wepesi. Wakati wa giza la magharibi, mnyama mweusi chini ya mti mweusi, hakisaidii kuona kilichopo, na hapo darubini ya ukuzaji wa 2.5 yenye lenzi nzuri humzidi mwenye nukta. Kwa bunduki ya pili, ile inayobebwa kwa ajili ya hatari ya karibu tu, ni chaguo la busara.

Bunduki inakubali nini

Kuna kikwazo ambacho wanunuzi hukigundua baada ya kulipa. Risasi ya .375 H&H ina urefu wa karibu mm 91 na ya .416 Rigby karibu mm 95, hivyo chemba na njia ya bolti ni ndefu, na pete mbili hukaa mbalimbali. Darubini fupi inaweza kukosa mrija wa kutosha wa kusogea mbele: kifundo cha katikati kinagonga pete ya mbele au sehemu pana ya nyuma inagonga pete ya nyuma, na inabaki imekwama sentimita mbili karibu mno na uso. Hapo mm 95 za kwenye boksi zipo kweli, lakini mpigaji hawezi kukaa kwenye mm 95 bila kurudisha shingo nyuma kama anayekwepa moshi. Kabla ya kununua, pima umbali kati ya vitako vya pete kwenye bunduki yako na ulinganishe na urefu wa mrija ulio wazi mbele na nyuma ya vifundo. Pete zilizopinda mbele au reli ndefu moja zinaweza kuokoa hali.

Urefu wa kitako nao ni nusu ya hesabu. Kitako kifupi kwa sentimita mbili kwa mtu mrefu huleta jicho mbele kwa kiasi hicho hicho, na hakuna darubini itakayolifidia hilo kwa ukamilifu. Vivyo hivyo pete ndefu zinazoinua darubini: shavu huacha kitako, kichwa huning'inia hewani, na kila risasi jicho linakuwa mahali pengine. Mtindo wa pete za kufungua kwa mkono ni wa lazima kwa maoni yangu kwenye kaliba za hatari, ili darubini ikipasuka au mvua ikiizima, vilengeo vya chuma vibaki vinaonekana. Mafundi wengi wa bunduki nzito hubadilisha skrubu za kawaida za vitako vya pete na kuweka nene zaidi, za 8-40 badala ya 6-48, na kwa .416 na kuendelea ningelifanya hilo bila kusubiri ushauri.

Wakati wa kufunga, weka ukuzaji wa juu, vaa nguo utakazovaa porini, fumba macho, inua bunduki begani kwa namna yako ya kawaida, kisha fungua. Ukiona duara kamili, sogeza darubini mbele kidogo kidogo mpaka kingo zianze kuwa nyeusi, halafu irudishe milimita mbili au tatu. Rudia ukiwa umekaa, na rudia ukiwa umelala, kwa maana anayelala kichwa chake husogea mbele pasipo yeye kujua, na bega lake halina pa kwenda bunduki inapomsukuma. Anayepiga kuelekea juu ya mlima yuko katika hatari ile ile. Mwenzangu mmoja, mpigaji wa miaka mingi, alipiga risasi ishirini za .375 akiwa amesimama na fimbo za kuegemezea bila tatizo lolote. Ya ishirini na moja aliipiga amelala juu ya mfuko wa mchanga, na damu ilishuka hadi kwenye kola kabla hajajua kilichotokea. Darubini ilikuwa ile ile, imefungwa pale pale. Mkao ndio ulikuwa umemla sentimita tatu.

Kazi ikiisha, piga mstari mwembamba wa kalamu kwenye mrija, pale unapoingia kwenye pete ya nyuma. Bunduki inaporuka nyuma, darubini iliyolegea huteleza mbele ndani ya pete, milimita moja leo na nyingine wiki ijayo. Picha huanza kuwa nyeusi pembeni, naye mpigaji, bila kufikiri, huanza kusogeza uso mbele kuifuata. Baada ya kila risasi kumi tazama mstari ule. Ukiuona umetoka kwenye pete, usipige nyingine mpaka umelegeza, umerudisha na kukaza upya kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa pete.